Kukusanya vitabu vya zamani vya Kiswahili na kuvitunza pwani: jibu kwa mkutubi mstaafu

Shikamoo mwalimu. Umesema ulikuwa mkutubi wa shule ya sekondari, sasa umestaafu Tanga na una maboksi ya vitabu vya Kiswahili ulivyokusanya maisha yako yote. Unauliza vipi vina thamani, uvitunzeje, na kama kuna maana ya kuendelea kununua kwa pensheni. Nianze na thamani, maana hiyo ndiyo itakayoamua utumie nguvu na fedha zako wapi.

Kitabu adimu si lazima kiwe kitabu maarufu. Kazi za Shaaban Robert zimechapwa tena na tena na zimo kwenye maktaba za vyuo. Kilicho adimu ni kile kilichochapwa kwa wingi, kikatumika mpaka kikachakaa, na hakuna aliyeona haja ya kukihifadhi: vitabu vya kusomea vya darasa la kwanza hadi la nne, miongozo ya walimu, vijitabu vya kilimo, ufugaji na afya, na machapisho ya elimu ya watu wazima. Chukua kampeni za redio za Tanzania: Uchaguzi ni Wako (1970), Wakati wa Furaha (1971), Mtu ni Afya (1973), Chakula ni Uhai (1975). Ile ya 1973 peke yake ilifikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vikundi vilikuwa na vijitabu vyao. Vingapi vimesalia kwenye makabati ya watu? Mtu aliyefanya kazi kwenye maktaba ya shule huenda anavyo bila kujua, chini kabisa ya boksi, vimebanwa na kamusi. Vitoe hivyo kwanza.

Sasa namna ya kutambua umri. Usiamini mwaka uliopigwa ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu kabla hujasoma ukurasa wote. Mara nyingi mwaka huo ni wa hakimiliki, na nakala uliyoshika ni chapa ya baadaye. Tofautisha toleo na chapa: toleo jipya lina maandishi yaliyobadilishwa, chapa mpya ni maandishi yaleyale yaliyorudiwa. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, itakusaidia sana hapa. Ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa na tarakimu 10 hadi mwisho wa 2006, kisha 13 kuanzia Januari 2007. Kitabu chenye "1985" na ISBN ya tarakimu 13 kwa kawaida kimechapwa karibu na 2007 au baadaye, hata muuzaji aseme nini. Tarakimu za kundi huonyesha nchi: 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania. Namba ikianza na 0 19, mchapishaji ni Oxford, hata kama kitabu kilitoka Nairobi.

Kitabu kisicho na mwaka wala ISBN kisome kwa dalili nyingine. Anwani ya "Tanganyika" inakirudisha kabla ya mwishoni mwa 1964, kwa sababu jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. Nembo ya The Eagle Press ni ya machapisho ya mwanzo ya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki. Na jina la Bureau lenyewe halivuki 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Bei ya shilingi haisaidii sana: kila nchi ilipoanza shilingi yake 1966, namna ya kuandika bei haikubadilika. Maandishi ya nathari yenye "ndia" na "nti" kwa njia na nchi ni Kimvita, na mara nyingi yatakuwa ya wamisionari wa Mombasa kabla ya Kamati ya Lugha ya 1930 kusanifisha tahajia. Kipimo hicho usikitumie kwa mashairi, washairi wa Mombasa hawakuacha lugha yao.

Riwaya nazo zina mtego wake. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka kwanza 1971 kwa East African Literature Bureau, na nakala zenye jina la mchapishaji mwingine ni za baadaye. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, mchapishaji wake ni Nelson. Kufikirika ilitoka 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufariki, kwa hiyo anayekuuzia "ya miaka ya hamsini" hajui alichonacho. Kabla ya kulipa, hesabu kurasa. Vitabu vya shule hukatwa picha, na ukurasa mmoja ukikosekana kitabu kinabaki cha kusomea tu.

Kuhusu kuendelea kununua: endelea, ila weka mpaka. Mkusanyo wa "vitabu vya Kiswahili" hauna mwisho na utakumaliza. Mkusanyo wa "vitabu vya hesabu vya shule za msingi Tanganyika na Tanzania hadi 1985", au "machapisho ya Bureau", una ukingo. Utajua umekosa nini, na utaacha kununua nakala ya tatu ya kitabu ulicho nacho. Mpaka mzuri ni ule ambao maktaba ya taifa haijaushughulikia kwa kina, nawe kwa kazi uliyofanya unaujua kuliko wengine. Ningekuwa wewe ningechagua vitabu vya kiada.

Utunzaji ndio penye kazi. Adui mkubwa Tanga ni unyevu. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, na asubuhi za masika pwani hupita 80 bila shida. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kiweke kwenye rafu yenyewe, si sebuleni. Asilimia 50 hutaipata bila kiyoyozi cha mchana na usiku, na kiyoyozi cha kuwasha mchana na kuzima usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: kitabu kilichopoa kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, maji hutonea juu yake. Bora upepo unaozunguka wakati wote. Rafu iwe sentimita 15 kutoka sakafuni, 5 hadi 10 kutoka ukutani, na isiegemee ukuta wa nje au wa bafuni. Usipange vitabu kwa kubana. Kidole kiweze kuingia kati. Feni ndogo ya kasi ya chini itosheleze chumba kimoja. Kabati la vioo lisilo na matundu ya hewa ni zuri kwa macho, lakini ndani yake kuvu hustawi.

Vile vichache vya thamani sana viweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli. Watu hukosea kipimo: vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu havifanyi chochote. Kipimo kinachofanya kazi ni kama gramu 20 kwa kila lita, yaani kilo 1 kwa boksi la lita 50. Nunua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikijaa maji. Ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikijaa, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, irudishe. Vitabu viingie boksini vikiwa vikavu. Ukifungia kitabu chenye unyevu unafungia kuvu pia.

Kitabu chenye kuvu tayari usikifute. Kuvu mbichi ukiifuta unaisugua ndani ya karatasi. Kitenganishe na vingine, kisimamishe kivulini penye upepo mpaka kuvu igeuke vumbi, kisha kipeleke nje, vaa barakoa ya N95, na upige brashi laini kuelekea upande usio wako. Jua kali usitumie hata kwa dakika kumi: karatasi ya bei nafuu ya miaka ya sitini na sabini imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake yote, ile gundi ya asili ya mti, na mwanga huigeuza kahawia na kuifanya ivunjike kama chapati kavu. Kitabu kikilowa kabisa una saa 48 hivi kabla ya kuvu. Weka karatasi nyeupe za kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi, zibadilishe kila zinapolowa, na feni isikipige moja kwa moja. Vyenye kurasa za kung'aa vishughulikie kwanza. Vikikauka vikiwa vimefungwa, kurasa hugandana na hazifunguki tena.

Wadudu: mchwa hupanda kwenye ukuta, ndiyo sababu nyingine ya kuacha nafasi nyuma ya rafu na kuikagua kila mwezi kwa tochi. Mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha hufuata gundi ya mgongo wa kitabu. Ukiona vitundu vya mviringo na unga mwembamba chini yake, hao ni mabuu wa mbawakawa, na wako ndani. Usipulize dawa ya mbu kwenye karatasi. Funga kitabu kikavu ndani ya mfuko wa nailoni, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi -18 au chini ya hapo kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka zipite saa 24, ili umande utue nje ya nailoni na si juu ya kitabu. Nafthalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, haiui kuvu, haimalizi mabuu walio ndani ya kitabu, na mvuke wake una madhara, hasa kwa watoto wachanga. Iondoe.

Sasa pini. Vijitabu vingi nilivyotaja vimebanwa kwa pini za stepla, na pwani pini hushika kutu, kutu hula karatasi kuizunguka mpaka kurasa za katikati zinadondoka. Hii ni kazi ya dakika ishirini na inaokoa kitabu kwa miongo. Fungua kijitabu katikati, nyanyua ncha za pini kwa kisu butu, geuza, ivute kwa koleo dogo kutoka mgongoni. Usiing'oe kwa kucha. Piga brashi unga wa kutu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia nyembamba: moja katikati, mengine sentimita 3 kutoka juu na chini, ukitumia matundu ya zamani kama bado yana nguvu. Kata uzi wa kitani au pamba usiotiwa rangi, urefu mara mbili na nusu ya kijitabu. Ingia tundu la katikati kutoka ndani, ukiacha mkia wa sentimita 8. Kwa nje panda mpaka tundu la juu, ingia ndani. Ndani ruka tundu la katikati, teremka mpaka la chini, toka nje. Rudi katikati, ingia ndani. Ncha mbili zikae pande mbili za ule uzi mrefu, funga juu yake, kata ukiacha sentimita moja. Vuta kwa kufuata mkunjo. Ukivuta wima uzi unapasua karatasi.

Selotepu isikaribie kitabu. Gundi yake hugeuka mafuta ya njano, hupenya ukurasa hadi maandishi ya upande wa pili, na plastiki hubanduka yenyewe ikiacha doa. Mpasuko uzibe kwa karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini imara, na gundi ya wanga wa ngano. Wanga huo unatengenezeka nyumbani: kanda unga wa ngano uwe donge, uoshe ndani ya bakuli la maji mpaka libaki lile donge la kunata tu, litoe, acha maji ya kuoshea yatulie usiku, mwaga ya juu, kausha kilichotuama. Sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji, koroga kwenye moto mdogo dakika 20 hadi 30 mpaka iwe kama kioo chenye ukungu, poza, chuja. Weka kidogo tu kwenye friji, ikinuka, tupa. Ubora wake ni kwamba inalegea tena kwa maji, na gundi nyeupe ya maseremala hailegei.

Karatasi ya kaki tuliyofunikia vitabu shuleni ina asidi. Iondoe, isipokuwa imeandikwa kitu chenye historia. Plastiki ya kujibandika ikishabandikwa iache, ukiivuta itaondoka na jalada.

Kupanga: najua mkono wako utaenda kwenye Dewey, ule mfumo wa namba za maktaba, lakini kwa mkusanyo huu karibu kila hadithi na shairi litaangukia 896.392 na namba hazitakuonyesha kitu. Panga kwa mchapishaji, kisha mwaka. Mapengo utayaona kwa macho. Daftari la kuandikishia vitabu unalijua kuliko mimi. Ongeza safu mbili tu: mpiga chapa, ambaye mara nyingi si mchapishaji, na mahali ulipokipata. Namba andika kwa penseli ya HB, kona ya ndani ya jalada. Usipige mhuri wako.

Na mhuri ndio jambo la mwisho. Kitabu chenye mhuri wa shule kisicho na alama ya kuondolewa kwenye orodha bado ni mali ya shule, hata kama kilikuwa kinatupwa. Pitia maboksi, vitenganishe vyenye mhuri, na uombe barua ya shule kwa orodha yote kwa mpigo mmoja. Maktaba yoyote utakayotaka kuwaachia mkusanyo wako itauliza barua hiyo, na watoto wako hawataweza kuitafuta kwa niaba yako. Vile usivyoweza kuvipangia mwaka, weka hapa picha ya ukurasa wa jina, wa nyuma yake na jalada la mwisho chini kabisa, ambako wapiga chapa hupenda kuandika majina yao.