Siku 90 za viza ya Schengen zinahesabiwaje?

SWALI: Binti yangu ameolewa Hamburg, Ujerumani, naye amenialika nikamsaidie kulea mjukuu wangu mchanga. Nimepata viza ya Schengen (viza moja inayotumika katika nchi 29 za Ulaya) ya mwaka mmoja, ya kuingia mara nyingi, ila ndani yake zimeandikwa siku 90. Jirani zangu wanasema siku hizo zikiisha niende London kwa mdogo wangu kwa wiki moja, kisha nirudi Hamburg nianze 90 nyingine. Je, ni kweli? – Bibi, Tanga

JIBU: Shikamoo Bibi, na hongera kwa kupata mjukuu. Tunakusihi usifuate ushauri huo, kwani umewaponza wengi.

Mwaka mmoja ulioandikwa kwenye stika ni muda ambao viza inaweza kutumika, wala si muda wa kukaa. Neno MULT linakuruhusu kuingia na kutoka mara nyingi, lakini siku za kukaa hazizidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Kipindi hicho hakina tarehe maalumu ya kuanza: kwa kila siku utakayokuwa huko zinahesabiwa siku 180 kurudi nyuma, pamoja na siku hiyo yenyewe, na ikionekana kwamba umekaa zaidi ya 90, umevunja sheria. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa, hata kama ndege imetua saa tano usiku.

Tuseme unaingia Januari 10 na kukaa mfululizo. Katika mwaka ambao Februari ina siku 28, siku yako ya 90 itakuwa Aprili 9, na hutaweza kurudi kabla ya Julai 9, wakati siku ulizokaa Januari zinapoanza kutoka kwenye hesabu moja baada ya nyingine. Wiki ya London haifuti chochote, na kwa kuwa Uingereza haimo katika Schengen, utahitaji viza yake pia. Ukienda kutembea Paris au Amsterdam, siku hizo zinajumlishwa na za Hamburg, maana nchi zote 29 ni eneo moja.

Tangu Oktoba 12, 2025 nchi hizo zilianza kuingiza mfumo wa kielektroniki unaochukua alama za vidole na picha ya uso mpakani, badala ya kugonga mihuri kwenye pasipoti, kwa hiyo anayezidisha siku anajulikana mara moja. Anaweza kutozwa faini, kuzuiwa kuingia tena, au kunyimwa viza atakapoomba nyingine.

Kwa maoni yetu, usizimalize siku zote kwa mkupuo. Bakiza hata siku 15, kwani mtoto akiugua baadaye binti yako atakuhitaji zaidi kuliko sasa. Ukiugua wewe ukashindwa kusafiri, nenda na barua ya daktari kwenye ofisi ya wageni ya Hamburg kabla siku hazijaisha, uombe kuongezewa muda. Kulea mjukuu peke yake, ingawa ni jambo jema, kwa kawaida hakukubaliwi kuwa sababu ya kuongezewa.

Kabla ya safari ya pili, angalia pia bima ya matibabu. Ile uliyoipeleka ubalozini huenda ni ya safari ya kwanza tu, na utatakiwa kukata nyingine inayolipia matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000.