Kumtafuta babu Mwingereza: jina la ukoo lisubiri

Babu yake mama alikuwa Mwingereza, wa ukoo wa Ackroyd, aliyeshuka Mombasa akaoa huku. Wengi wenye historia kama yetu hukimbilia kwanza asili ya jina. Nakusihi usianzie hapo. Jina wanalo mamia. Wewe unamtafuta mtu mmoja.

Anza na alivyofika. Nyaraka za Taifa za Uingereza, pale Kew, London, zina orodha za abiria walioondoka kwa meli kati ya 1890 na 1960. Humo utakuta umri na kazi yake. Ukishajua umri, tafuta kuzaliwa kwake: usajili wa serikali kwa England na Wales ulianza Julai 1837, na faharasa ya ofisi ya usajili iliyoko mtandaoni inaonyesha hata ukoo wa mama. Kuitazama ni bure, cheti ndicho cha kulipia.

Kisha nunua cheti cha ndoa ya wazazi wake. Kwangu mimi, hakuna karatasi inayokizidi hicho. Kinataja baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi, na kazi ya kila mmoja. Sisi tulikuwa na akina John Ackroyd wawili wa rika moja, Halifax, mji wa West Yorkshire, kaskazini mwa England. Mmoja mfumaji wa sufu, mwingine mwashi. Cheti kilisema baba mtu ni mwashi, ubishi ukaisha.

Ukirudi nyuma zaidi kwenye sensa, ya 1841 isikusumbue: umri wa watu wazima ulishushwa hadi mafungu ya miaka mitano, na mahali pa kuzaliwa hapatajwi vizuri. Ya 1851 ndiyo inayotaja parokia. Ukiijua parokia, unaweza kurudi kwenye madaftari ya ubatizo na ndoa, ambayo makanisa yaliamriwa kuyaweka tangu 1538. Tafuta kwa sikio, maana karani aliandika alivyosikia: Akroyd, Aykroyd.

Sasa ndipo asili ya jina inafaa. Ackroyd ni sehemu ya mialoni iliyofyekwa, na majina yanayoishia na -royd ni ya West Yorkshire, hasa bonde la mto Calder. Kwa hiyo daftari la Halifax likikatika, pekua parokia jirani za bonde hilo kabla ya kwenda mbali.