Harrier na Lexus RX si gari moja ukifika kwenye spea

Usilipie kipande hicho, mkuu. Umeandika kwamba Harrier yako ya 2005, ya injini ya 2.4, imegonga punda njia ya Kondoa, na kwamba fundi wako hapa Dodoma anakushauri uagize kutoka Dubai kipande kizima cha mbele, yaani uso pamoja na injini na dashibodi, cha Lexus RX330, kwa kuwa eti ni gari moja na tofauti ni nembo tu. Sentensi hiyo naijua hadi lafudhi yake. Niliambiwa mimi, nikaiamini, na fedha iliyokuwa ya bati za nyumba yangu ya Nzuguni ikaenda Dar es Salaam kununua chuma ambacho hadi leo kimelala uani.

Mafundi hawa wanatamba kwa sababu wameshika nusu ya ukweli. Toyota ilianza kuuza Harrier Japani mwishoni mwa 1997, na mwaka uliofuata gari hilo likaingia Marekani kwa jina la Lexus RX300, mtangulizi wa hiyo RX330. Japani kwenyewe jina la Lexus halikuanza kutumika madukani hadi 2005. Ndiyo maana Altezza huko nje ni Lexus IS, Aristo ni GS, Windom ni ES na Celsior ni LS. Lakini gari likivushwa bahari halibadilishwi jina peke yake. Injini hufuata mfuko wa mnunuzi, taa hufuata sheria za nchi, na usukani hufuata upande wa barabara. Harrier na RX ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili, na wewe unataka kumvisha mmoja uso wa mwenzake.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Muuzaji aliniapia kwamba kipande kile kilikuwa cha Lexus ya Japani yenyewe, na hakutaka kukiuza vipande vipande. Kilikuwa kimekatwa nyuma ya dashibodi, kwa hiyo namba ya chesi ilikuwa bado inasomeka pale chini ya kioo cha mbele, nami sikuitazama hata kwa bahati mbaya. Ilianza na 2T2, maana yake gari liliundwa Kanada, ambako kiwanda cha Cambridge, Ontario, kilianza kuunda RX330 mwaka 2003. Usukani ulikuwa kushoto, dashibodi inasoma maili, na hata waipa zimepangwa kumsafishia kioo dereva anayekaa kushoto. Injini ilikuwa 3MZ-FE, V6 ya lita 3.3, wakati gari langu, kama lako, lina 2AZ-FE ya silinda nne. Kuihamishia kwangu kungedai gia boksi, waya zote na kontroli boksi (kompyuta ya injini), yaani kununua gari la pili kwa awamu. Siku hizi kuku wangu hutagia ndani ya Lexus huku mimi nikiendesha Toyota, kwa hiyo msiseme familia yangu haijaendelea.

Nikajifariji kwamba angalau taa, bampa, boneti na shoo ya mbele vitanifaa. Fundi akavifunga, gari likapendeza, nikapiga picha. Usiku wa kwanza niliposhika njia ya Morogoro, kila basi lililokuja mbele yangu lilinimulika kwa hasira, nami nikiwa nimewasha taa za chini. Nilipomrudia fundi, alinijibu bila haya kwamba madereva wa mabasi wana wivu na Lexus. Fundi umeme mmoja mzee ndiye aliyelielekeza gari ukutani jioni na kunionyesha: mwanga ulikuwa unapanda upande wa kulia. Kwetu, kama Japani, tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa ya chini hupandisha mwanga kushoto ili uwaone waenda kwa miguu, na huushusha kulia ili usimpofushe anayekuja. Taa ya Marekani hufanya kinyume chake. Kwenye kioo chake kuna herufi DOT, alama ya viwango vya Marekani, ambazo nilikuwa nimezisafisha kwa kitambaa mara nyingi nikidhani ni urembo. Kuzishusha taa hakukusaidia, kwa sababu sasa sikuona mbuzi wala mwendesha baiskeli wa kushoto.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, dai picha ya namba ya chesi au ya kibati cha kampuni chenye namba ya modeli, halafu ilinganishe na kadi ya gari lako. Harrier yako ya 2.4 inapaswa kuwa modeli ACU30, au ACU35 kama inavuta magurudumu yote manne. Za lita 3.0 huanza na MCU. RX330 ya Marekani, kwenye kibati, ni MCU33 au MCU38, na ile L inayofuata baada ya tarakimu hizo ni usukani wa kushoto. Muuzaji akikutumia picha ya nembo badala ya namba, basi anauza nembo, na nembo hata Kariakoo zipo.

Wala jina la Harrier lenyewe lisikudanganye. Ile iliyotoka Japani mwishoni mwa 2013 si RX tena, kwani imejengwa juu ya msingi wa RAV4, na ile ya 2020 Wamarekani waliuziwa kwa jina la Toyota Venza. Kwa upande mwingine, spea nyingi za ndani ya injini yako utazipata kwa Alphard, Estima na Kluger za 2.4, ambazo hazifanani nayo hata kidogo kwa sura.

Mambo ya tairi za barabara ya vumbi na aina ya oili uliyoyauliza pia, wengine watakujibu. Wewe tafuta kipande cha mbele cha ACU30 kilichotoka Japani, hata kama ni cha rangi nyingine na kimechubuka. Mafundi rangi tunao hapa hapa mjini. Na yule fundi wako aliyekushauri mwulize RX330 ina injini gani. Akisema 2.4, chukua ufunguo wako uondoke.