Mwite mkaguzi wa umeme kabla ya plasta

Nyumba tuliyoachiwa na wazazi ilikuwa na nyaya zilizonizidi umri: fyuzi za kizamani, soketi moja kila chumba, waya wa ethi hakuna. Nilipopata fedha nikamwita fundi aweke breka mpya, aongeze soketi na kulipatia jiko laini yake. Fundi alikuwa hodari. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka tuhamie haraka, nikamwambia tupige plasta na rangi kwanza, cheti cha ukaguzi wa umeme tutakifuata baadaye.

Mkaguzi alifungua sanduku la breka, akatazama kidogo, akauliza, "Viungo vya nyaya viko wapi?" Nikamwonyesha ukuta. "Siwezi kutia sahihi nisichokiona."

Nikadhani ananisumbua tu. Akazima swichi kuu, akachomoa kila kifaa, akapima nyaya kwa volti 500 kuona kama mpira wake unazuia umeme usivuje. Kwa nyumba ya volti 230, kipimo hicho hakitakiwi kushuka chini ya megaohm 1 (ohm milioni moja za ukinzani), na nyaya mpya nzima husoma juu zaidi ya hapo. Laini ya jikoni ilisoma 0.3. Na taa zilikuwa zinawaka vizuri siku zote!

Tukabomoa plasta mbichi sehemu mbili. Kwenye ya pili tukakuta waya mpya umesokotwa na kipande cha ule wa zamani, umezungushiwa utepe. Nilipougusa ule wa zamani, mpira wake ulipukutika mkononi kama ganda la karanga. Watoto wangu wangelala upande wa pili wa ukuta huo.

Kwa hiyo nakusihi, mtafute wa kukagua kabla kazi haijaanza, na umuulize anataka kuona nini na lini. Sheria za nani anaruhusiwa kutia sahihi hutofautiana, lakini fundi mwaminifu hawezi kuithibitisha kazi ya mwenzake kana kwamba ni yake. Akiikuta imekwisha, atakachokupa ni ripoti ya alichoweza kuona na kupima. Piga picha kila ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana pembeni.

Cheti chenyewe kisome. Kikiwa na jina lako, muhuri na neno "salama" peke yake, hicho ni risiti tu. Kila laini iwe na vipimo vyake, unene wa waya na ukubwa wa breka. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliofungiwa breka ya ampea 32 unaweza kuungua ndani ya ukuta breka ikiwa imetulia tuli. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, nacho kipimwe kwa mashine: kwa kiwango hicho cha uvujaji kikate ndani ya milisekunde 300. Kitufe chake cha majaribio kibonyeze mara kwa mara, ila hakikuambii kimechukua muda gani kukata.

Fedha yetu haikutosha nyumba nzima. Chumba cha nyuma bado kina nyaya za zamani, na mkaguzi ameandika wazi kwenye cheti kwamba hakikuguswa. Tumeiacha breka ya chumba hicho imezimwa, na nakala ya cheti nimeibandika ndani ya mlango wa sanduku, fundi ajaye aione kabla hajashika bisibisi.