Komando Abaki au Auzwe?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina mbuzi majike saba hapa Muheza, na msimu huu wamenizalia madume wanne. Wanangu wameshawapa majina. Komando ni mweusi, kazaliwa peke yake na ndiye mkubwa kuliko wote. Karafuu na Mpole ni pacha. Sultani hana pembe, kama mama yake. Wote wana miezi mitatu, na baba yao ni beberu wetu wa siku zote. Mume wangu anataka Komando arithi zizi, wengine wauzwe. Mama mkwe anasema mnyama akishapewa jina hachinjwi. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe msalimie, ila hilo la jina mwambie taratibu kwamba hata ngamia wa Mtume (S.A.W.) alikuwa na jina, Al-Qaswa. Jina halimzuii mnyama kisu. Tena waache watoto waendelee, ila daftarini waandike na la mama: Karafuu wa nani, Mpole wa nani. Bila hivyo baada ya miaka miwili hamtajua nani ni dada wa nani.

Sasa Komando. Mumeo kaona kifua, na simlaumu, wanaume wengi huchagua beberu hivyo. Lakini mbuzi ana chuchu mbili, na Komando kazinyonya zote mwenyewe. Kwa nini asiwe mkubwa? Mimi ningemtazama mama wa pacha, aliyezaa wawili akawalea wote wawili. Hiyo ndiyo sifa unayotaka ienee zizini.

Kati ya Karafuu na Mpole, wakamate mmoja mmoja. Papasa korodani: ziwe mbili, zimeshuka, zinalingana. Ukikuta moja tu, huyo si wa mbegu hata awe mzuri vipi. Funua mdomo; mbuzi hana meno ya mbele juu, kwa hiyo ya chini yakutane sawasawa na ufizi wa juu, yasitokeze wala yasirudi ndani. Kisha mwache atembee, umtazame miguu kwa nyuma.

Sultani usimweke. Dume asiye na pembe akimpanda jike asiye na pembe, kuna majike watakaozaliwa huntha, hawazai wala hawana maziwa.

Lakini kuna jambo hukuniuliza. Ikiwa beberu ni yule yule tangu mwanzo, basi mbarika wako wengi ni binti zake, na hao vijana wanne ni kaka zao. Yeyote utakayemrithisha atapanda dada zake na mama yake. Kwa hiyo pacha utakayemchagua usimweke kwako. Tafuta mfugaji wa mbali, Pangani au Korogwe, mbadilishane dume kwa dume. Na huyo mzee muuze.

Wengine wahasiwe upesi, maana akifika miezi minne hivi dume huweza kutia mimba. Mwite afisa mifugo aje na koleo la kuhasi, lile lisilokata ngozi. Simama pale uangalie: abane mshipa wa kila korodani peke yake, na alama za kushoto na kulia zisipangane mstari mmoja kukata mfuko mzima, la sivyo damu haipiti na mfuko unaoza. Wa kukata kwa wembe nyumbani mimi simtaki, pepopunda ipo.

Komando mhasi atakuwa ndafu wa kupigiwa mfano, na nyama yake haitanuka beberu. Kama ni wa udhhia, kwa madhehebu yetu ya Shafii mbuzi atimize miaka miwili, kwa hiyo Idi ijayo bado. Kuhasiwa hakumharibii. Sultani na pacha aliyebaki wauze wakishanenepa, na watoto waambiwe mapema, si asubuhi mnunuzi kashafika na kamba.