Mayai yanayong'ang'ania ganda

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Temeke, jioni nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari kituo cha daladala. Mwezi huu jirani yangu ameanza kufuga kuku wa mayai, nikaona niachane na trei za sokoni, nichukue kwake asubuhi kabisa yakiwa bado na joto la kuku. Tangu hapo ni balaa. Nikimenya, ganda linaondoka na vipande vya ute, yai linabaki mashimomashimo na wateja wanalikataa. Jana kwenye trei moja yameharibika 8. Nimejaribu chumvi, nimejaribu siki, wapi! Kuku wake wana ugonjwa? Na ule ukijani unaozunguka kiini unatokana na nini?
Muuza mayai, Temeke

Marahaba mwanangu. Kuku wa jirani yako hawana kosa, wala mikono yako. Mayai yako ni mapya mno, basi.

Yai likishatagwa, ndani ya ute wake mna gesi ya kabonidayoksaidi. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na gesi ile hupenya humo ikatoka kidogo kidogo, siku baada ya siku. Kadiri inavyotoka, ute unazidi kuelekea hali ya magadi. Ute wa yai la leo ukiiva hugandamana na ule utando mweupe ulio chini ya ganda, ndiyo maana ukivuta ganda vinakuja vyote. Wa yai lililokaa siku kadhaa hauushiki utando kwa nguvu hiyo. Trei zako za sokoni zilikuwa zimeshakaa bandani, zikakaa garini, zikakaa dukani, ndipo zikakufikia. Wewe hukujua kwamba siku hizo zilikuwa zinakusaidia.

Kwa hiyo endelea kununua kwa jirani, ila andika tarehe kwa penseli kwenye kila trei, uiweke kivulini, na uchemshe ile iliyokaa siku 5 au 6. Kwa joto la Dar zinatosha. Usiyaoshe siku unayoyaleta, yaoshe unapotaka kuyachemsha. Na asikudanganye mtu uyapake mafuta ili yadumu: mafuta huziba vile vitundu, gesi inabaki ndani, na unarudi kwenye shida ileile. Ukiwa na shaka na umri wa yai, litumbukize kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama lakini halijaachia chini, hilo ndilo la kuchemsha. Likielea, tupa.

Kosa la pili nalijua kwa sababu nililifanya miaka mingi. Mama yangu aliweka mayai kwenye maji ya baridi ndipo akabandika jikoni, nami nikafuata. Siku ya harusi ya binti wa kaka yangu, Tanga, mimi na wifi yangu tulikabidhiwa mayai 60 ya biriani. Yalikuwa yametagwa jana yake. Tulikaa uani tangu alfajiri, kila ninaloshika linachunika, mengine kiini kimechungulia nje. Tukaishia kuyakatakata na kuyachanganya kwenye masala, sinia zikaenda kwa wageni bila yai zima hata moja juu. Niliumia sana. Wiki iliyofuata nilichukua trei moja nikaigawa nusu: 15 kwenye maji ya baridi, 15 kwenye maji yanayotokota. Ya maji ya moto yalimenyeka kama yanavuliwa kanzu. Sababu yake ni kwamba ute ukikutana na moto ghafla huganda haraka, kabla haujapata nafasi ya kushikana na utando.

Basi chemsha maji kwanza, mengi, yatokote hasa. Yateremshe mayai taratibu kwa kijiko kikubwa chenye matundu, kile cha kuopolea maandazi, usiyadondoshe. Yakiwa yametoka kwenye friji, yaache nje kidogo kwanza yasije yakapasuka. Maji yakirudi kutokota, punguza mkaa na uhesabu dakika 11. Kisha mara moja yatie kwenye ndoo ya maji baridi sana, yenye barafu ukiweza, yakae robo saa. Maji hayo yawe safi ya kunywa, mwanangu, nakusihi: yai linalopoa hufyonza maji kupitia ganda, na watu wanakula bila kulipika tena.

Hapohapo ndipo unapouondoa ule ukijani. Unatokea yai likiiva kupita kiasi, salfa ya kwenye ute inapokutana na madini ya chuma ya kwenye kiini. Hauna madhara, lakini mteja akiuona anadhani umemuuzia la jana.

Kumenya, anzia upande mnene, kwenye mfuko wa hewa. Gonga hapo, libiringishe mezani ganda lote lipasukepasuke, uingize kidole gumba chini ya utando. Ukishika ganda tu bila utando, umeshaanza vibaya. Menyea ndani ya bakuli la maji. Wala usiyamenye yote nyumbani: chemsha kidogokidogo, umenye mteja akiwa amesimama mbele yako, maana yai lililomenywa haliwezi joto la kituoni.

Chumvi na siki husaidia yai likipasuka jikoni, ute usisambae. Kwenye kumenya sijaona faida yake.

Na kama jioni hii huna mengine ila yale mapya, yapike kwa mvuke. Weka maji kidogo chini ya sufuria, yakitokota weka chujio la chuma juu yake, panga mayai yasiguse maji, funika vizuri, dakika 13, halafu kwenye ndoo ya barafu. Machache bado yatakusumbua. Hayo yatie kwenye rosti ya nyumbani, usiyapeleke kituoni.