Ukienda uwandani kuchunguza malezi, dodoso liweke kando kwanza

Mwanafunzi wa sosholojia anayetoka chuoni kwa mara ya kwanza hubeba swali hili: "Mnawafundisha nini watoto wenu?" Atajibiwa adabu, heshima na kazi, toka Mtwara hadi Mwanza, na daftari litarudi halina kitu. Malezi huonekana mtu anapokosea na mwenzake akamrekebisha. Chora safu nne: nani kakosea, nani kakemea, kwa maneno gani, mbele ya nani. Kaa kaya moja siku tatu kabla hujagusa ya pili. Saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku ndiyo yenye mavuno. Mchana watu wako shamba.

Anza na salamu. Mtoto hajajua kutamka, mama anamsemea kwa sauti nyembamba: "Shikamoo babu." Babu anamwitikia mtoto, si mama: "Marahaba mjukuu wangu." Baadaye mtoto anasema "kamoo" na nyumba nzima inamshangilia. Akishakua kidogo, akipita kimya, anarudishwa mlangoni aanze upya. Andika ni lini kushangiliwa kuligeuka kurudishwa. Hapo amevuka rika, ingawa hakuna ngoma iliyopigwa.

Umri usiuulize kwa miaka peke yake. Uliza kuota meno, kuachishwa ziwa, kung'oka jino la kwanza, kuvunja ungo. Kwa wazee tumia matukio: alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Vita vya Kagera (1978–1979)?

Wageni wengi huteleza kwenye utani. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu", kisha anamsuta kuwa mume gani huyu hata kuni hajui kuchanja. Ukiandika "mzaha" umepoteza nusu ya kazi yako. Mambo ya mwili na ndoa ambayo mama huona haya kumtamkia mwanawe, bibi huyapitisha katikati ya kicheko, na mtoto hana pa kununia. Familia ikihamia mjini bila bibi, fuatilia kazi hiyo imemwangukia nani: shangazi, mwalimu au simu.

Jando na unyago vina siri zake. Usimbane kungwi akutafsirie nyimbo; atakupa tafsiri ya kukuondoa. Uliza yanayoonekana nje: mwali akishatolewa anaruhusiwa nini, anakatazwa nini, bado anaingia chumbani kwa wazazi? Usisahau pia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama kijiji kimeshamhesabu mkubwa. Ukitaka kumhoji, pata idhini ya mzazi na ya kwake mwenyewe.

Wengi huishia hapo, kana kwamba aliyeoa hafundwi tena. Mtumishi wa umma aliyestaafu na miaka 60 anaanza darasa jingine barazani: aliyezoea kuamuru sasa anasubiri zamu yake ya kusema, na wenzake humkumbusha kwa vijembe. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na wanawake waliopitia hali hiyo ndio humwelekeza mavazi, kutoka nje na namna ya kupokea wageni. Huyo mwache mwisho, eda ikishaisha na wewe umeshazoeleka. Nenda na mwanamke anayemfahamu, daftari likiwa mkobani.